Jina la Kuazima

Hapo zamani, na msinifikirie ile zamani ya wanyama kusema, nasema zamani hii ya juzi tu, simu zilipokwisha kuwa nyingi kuliko kuku, aliishi mama mmoja huko juu milimani Upareni, jina lake Bi Nakijwa. Alikuwa mjane, mkarimu, na mikono yake haikujua kutulia. Alifuma vitambaa vya makochi. Alifuma kitambaa cha redio, kitambaa cha televisheni, kitambaa cha mtungi wa maji, na mwaka mmoja baridi ilipozidi aliifumia birika koti lenye vifungo. Kitu kikiingia nyumbani kwa Bi Nakijwa kikakaa uchi wiki nzima, ujue mwenyewe anaumwa.

Na alikuwa na kabati. Kabati la namna hiyo mnalijua, maana kwenu lipo au lilikuwepo: mbao nzito, milango ya vioo, mgongoni kioo kingine cha kujitazamia, na ndani vyombo ambavyo siku za kawaida havikuguswa. Vikombe vya maua. Mabakuli meupe. Na nyuma ya vyote, yamesimamishwa yameegemea, masinia makubwa ya bati yenye maua mekundu, masinia ya mama mkwe wake marehemu, aliyomkabidhi siku alipoingia nyumba ile akiwa bibi arusi. Kabati lile lilifunguliwa kwa harusi, kwa ubatizo na kwa msiba. Ufunguo ulikuwa na nani? Ulikuwa na Bi Nakijwa, umefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Bi Nakijwa alikuwa na binti, Elipendo, aliyeolewa akahamia Kanada. Elipendo alimkumbuka mama yake sana. Siku waya wa mtandao ulipopita barabarani kuelekea shule ya sekondari, alipiga simu kutoka huko huko aliko, akamwagizia mama yake huduma ya nyumbani, ile tuiitayo waifai, ili wawe wanaonana kila wapendapo. Fundi akaja. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke, Itikija, mabuti miguuni na ngazi begani. Akatoboa tundu, akavuta waya, akatoa kile kiboksi kiitwacho ruta, kinachochukua mtandao kwenye waya na kuutupa hewani nyumba nzima, akauliza, "Bibi, tukiweke wapi?"

"Mgeni wa heshima anakaa wapi?" Bi Nakijwa akamjibu, na tayari alikuwa anafungua lile fundo la kanga.

Itikija alitazama kabati. Akatazama masinia. Akakohoa kidogo. "Bibi, mimi ningeona pale juu ya kabati pangefaa zaidi. Hiki kinapenda kuwa peupe."

"Juu ya kabati kikapigwe vumbi? Zawadi ya mwanangu?"

Itikija akakubali. Alikuwa na nyumba nyingine za kwenda, na furaha ya mama yule ilikuwa kubwa mno kuharibiwa na maneno ya ufundi. Basi ruta ikawekwa ndani, kati ya vikombe, masinia nyuma yake. Ikafunikwa kitambaa cheupe chenye ua la bluu katikati, mlango ukafungwa, ufunguo ukarudi kwenye pindo. Taa ndogo ya kijani ikawa inakonyeza humo ndani, na kila mgeni aliyekaribishwa chai alioneshwa taa ile kabla hajaoneshwa sukari.

Sasa mkarimu ni mkarimu. Neno la siri la waifai ya Bi Nakijwa likawa siri ya kijiji kizima. Alimpa jirani, jirani akampa mkwewe, mkwewe akawapa wanakwaya, na wanakwaya hamuwajui? Alasiri ikifika, ukuta wa nje wa nyumba yake ulijaa watu wamekaa chini migongo ukutani, vichwa vimeinama, kila mmoja na simu yake. Bi Nakijwa aliwapenda. Tangu mumewe afariki uwanja ule ulikuwa kimya, na sasa ulikuwa na watu. Aliwapelekea hata ndizi za kuchemsha.

Lakini mtandao wenyewe ulikuwa mzito. Mzito kweli. Akipiga simu ya video kwa Elipendo, linatokea lile duara la kusubirisha. Duara linazunguka, linazunguka, linazunguka. Elipendo anaonekana nusu uso, mdomo umeachama, ameganda. Bi Nakijwa hakukasirika hata kidogo. "Kanada ni mbali," alisema. "Zamani barua ilichukua mwezi. Huyu angalau namwona pua."

Kulikuwa na mtu mmoja nyumbani mle aliyejua kuwa kosa si la Kanada. Huyo ni Naetwe, mke wa mtoto wa kiume wa Bi Nakijwa, aliyeishi naye nyumba moja. Naetwe alikuwa na simu ndogo aliyoitilia bando mwenyewe, na kila aliposimama kwenye dirisha la jikoni, linaloutazama mnara wa simu kilima cha pili, mambo yalifunguka papo hapo. Akirudi ndani kwenye waifai, duara. Alikwisha kumuuliza hata Itikija walipokutana gulioni, na Itikija akamweleza habari ya masinia. Lakini utamwambiaje mama mkwe kuwa zawadi ya bintiye inashindwa na bando la jikoni? Na Naetwe alikuwa mkwe wa maneno machache. Aliolewa miaka mingi na hakuwa amepata mtoto. Hakuna aliyemsema, ila mwenyewe alitembea mle ndani kama mtu aliyekuja kutembea tu. Akanyamaza.

Basi, Elipendo akajifungua huko Kanada. Mtoto wa tatu, wa kike. Wawili wa kwanza walikwisha kubeba majina ya ukweni, na huyu jina lake lilikuwa mkononi mwa Bi Nakijwa. Mama wa watu alishangilia, akatafuta nyuzi za kofia. Kabla kofia haijafika nusu, habari nyingine ikaja. Moyo wa mtoto ulikuwa na tundu pasipostahili kuwa na tundu. Madaktari walisema lazima apasuliwe, na haraka.

Hapa niwaambie desturi ya kina Bi Nakijwa, maana bila hiyo hamtaelewa kilichofuata. Kwao mtoto akiugua kabla ya kupewa jina, hapewi jina lake papo hapo. Anaazimwa. Mtu mzima aliyevuka mengi anamwazima jina lake, mtoto anakwenda nalo kwenye hatari, na akipona analirudisha kwa mwenyewe, ndipo anapewa lake, moja, la kudumu. Bi Nakijwa mwenyewe utotoni alivuka surua kwa jina la shangazi yake. Lakini kuna sharti: mwenye jina lazima amtazame machoni mtoto anayemwazima. Macho yote mawili. Humwazimi mtu usiyemwona.

Siku ya upasuaji, alasiri kwetu na alfajiri kwao, Elipendo akapiga simu. Bi Nakijwa alikuwa chumbani kwake, amekaa kitandani, kanga safi mabegani, Naetwe amesimama pembeni.

"Mama, wanakuja kumchukua sasa hivi," Elipendo alisema. "Nimewaomba wanisubiri kidogo tu. Sitaki aingie mle ndani bila jina. Mtazame. Huyu hapa."

Bi Nakijwa akasogeza simu. Likaja paji la uso. Likaja sikio moja. Kisha duara. Duara likazunguka, likazunguka, likazunguka.

"Elipendo, simwoni."

"Ma... huyu... ma..."

"Simwoni mwanangu. Mlete karibu."

Duara likazunguka. Bi Nakijwa akainua simu juu, akaishusha, akaipiga kofi kidogo kama tunavyofanya kwa redio.  Alikuwa na jina mdomoni, jina zima, lenye miaka sabini ya afya ndani yake, na hana wa kumpa.

Naetwe akatoka mbio akampigia Itikija. Itikija alikuwa kijiji cha pili, juu ya nguzo, amejifunga mkanda. Akapokea huko huko juu.

"Bibi yuko wapi?" akauliza.

"Chumbani."

"Ruta iko wapi?"

"Kabatini."

"Mpaka leo? Haya. Na ukutani nje wapo wangapi?"

"Wamejaa."

"Sikiliza, dada. Weka sauti kubwa ili Bibi naye asikie. Mtandao unafika kwenye ruta ukiwa mzima, na Kanada haina neno. Safari inayowashinda ni ya kutoka sebuleni kwenda chumbani. Unapita kwenye masinia ya bati na kile kioo cha nyuma, ambavyo vinaurudisha, kisha ukuta wa mawe. Ule kidogo unaobaki mnagawana na kijiji kizima. Kwanza itoeni kabatini. Sasa hivi."

Bi Nakijwa alikwisha kufika sebuleni. Aliposikia neno kabati akashika pindo la kanga. Fundo lilikuwa limekazwa. Akavuta, likakaza. Akatumia meno, likakaza. Na simuni sauti ya Elipendo inakatika katika, "Mama... wamefika... mama..."

Naetwe alimtazama mama mkwe wake anavyong'ata kanga. Akaingia jikoni. Akatoka na mchi wa kinu. Hakuomba ruhusa na hakufumba macho. Akapiga kioo cha kabati, kabati la mama mkwe wa mama mkwe wake, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani. Vikombe viwili vikaenda. Masinia yakaanguka moja baada ya jingine yakilia kama kengele. Akaingiza mkono kwenye vigae, akaitoa ruta, akaivua kitambaa, ilikuwa ya moto kama kiazi, akaiweka juu kabisa ya kabati. Damu ilikuwa inamchuruzika mkononi.

Picha ikasogea. Bi Nakijwa akaona kidevu. Akaona mdomo mdogo umefumbwa kwa hasira. "Mdomo wa babu yake," akasema, machozi yakamtoka. Akangojea macho. Na hapo, duara tena.

"Ni wale wa ukutani," Itikija akasema huko nguzoni. "Waambieni wazime."

Naetwe akachungulia dirishani akawaambia. Na niwape haki yao watu wa ukutani: hakuna aliyeuliza kwa nini. Walizima wote kwa mara moja, wakainua simu zao juu ili zionekane zimezimika. Mmoja alikuwa anatazama penalti na mpaka leo anadai naye anastahili kitu. Lakini wengi walikuwa majumbani mwao, wameunganishwa bila hata kujua, televisheni zinanyonya huku wao wanapepeta maharage. Duara likazunguka.

Itikija akageukia upande wa mnara. Kisha akasema, na sauti ilikuwa kubwa, na ukuta wote ukasikia: "Basi achaneni na ruta. Huduma hii niliwauzia mimi, na mimi ndiye ninayewaambia iacheni. Kwa saa hii, kwa nyumba hii, data ya simu itakimbia kuliko waifai. Nendeni dirisha la jikoni, mnara uko mbele yenu, hakuna ukuta, na saa hizi watu wengi wako mashambani, mnara hauna kazi. Nani ana bando?"

Simu ya Bi Nakijwa haikuwa na bando. Ya nini, na waifai ipo? La Naetwe lilikwisha asubuhi ile ile, akifuatilia habari za mtoto. Wa ukutani waliishi kwa waifai ya Bi Nakijwa. Na wakala wa vocha alikuwa bondeni.

Wakati huo mlangoni palikuwa pamesimama Mama Sifaeli, jirani, aliyekuja akichechemea kwa mguu wake mbovu baada ya kusikia kioo. Alikuwa amevaa kanga nyeusi. Dada yake, Nanzia, alikuwa amefariki Mbeya, na kijiji chote kilijua. Mguu ndio uliomzuia kusafiri kwenda kuzika. Simu ilikuwa mkononi mwake, na ilikuwa inaimba. Naetwe, aliyekuwa karibu, aliona kwenye kioo cha simu ile watu wamebeba jeneza, wanatembea kati ya migomba, picha ikitikisika, maana anayeirusha moja kwa moja kutoka Mbeya alikuwa anawafuata. Mama Sifaeli akalitazama jeneza lile. Akamtazama Bi Nakijwa. Kidole gumba chake kikagusa, wimbo ukakatika.

"Mimi ninalo," akasema. "Mwambie Elipendo apige kwangu. Namba yangu anayo tangu yuko shule."

Naetwe akaandika ujumbe, maana maneno machache hupenya hata pale picha inapokwama. Wakaingia jikoni wote watatu, wakasimama dirishani. Simu ikaita. Na wapenzi wangu, picha ikaja kama mtu anayefungua pazia. Blanketi la njano. Mikono ya Elipendo. Na mtoto, mzima mzima, amefumbua macho, anatazama juu kama anayeuliza mmechelewa wapi.

Bi Nakijwa akamtazama. Jicho la kulia. Jicho la kushoto. 

"Wewe," akasema. "Mimi ni Nakijwa, bibi yako. Nakuazima jina langu. Nimevuka nalo surua, nimevuka nalo njaa, nimezaa nalo na nimezika nalo. Ni zito, litakushikilia. Nenda nalo, mama, na ulirudishe."

"Amesikia," Elipendo akasema, analia. Mikono ya watu waliovaa kijani ikamchukua mtoto. Picha ikakatika, na bando la Mama Sifaeli likawa limekwisha. Huko Mbeya nako walikuwa wamekwisha kuzika.

Walikaa pamoja jioni hiyo. Walikula ugali ambao hakuna aliyejua ladha yake. Bi Nakijwa alimfunga Naetwe mkono kwa kile kitambaa cheupe chenye ua la bluu, na hakusema neno kuhusu kioo. Kisha simu ya Naetwe ikalia, ujumbe mmoja tu: Nakijwa mdogo ametoka, moyo unapiga vizuri.

Mama yule alipiga magoti pale pale kwenye sakafu. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru Naetwe. Alimshukuru Mama Sifaeli. Aliwapigia makofi watu wa ukutani waliokuwa bado wanangoja gizani bila mtandao. Alimpigia Itikija akamwambia, "Shuka kwenye nguzo mwanangu, amepona," na Itikija, aliyekwisha kushuka tangu zamani, akacheka akalia.

Na ndipo Naetwe alipomwambia alichokiona kwenye simu ya Mama Sifaeli. Bi Nakijwa alimgeukia jirani yake.  Alimshika mikono miwili, wakakaa hivyo muda mrefu.

Siku zikapita, mtoto akarudi nyumbani kwao, ananyonya, analia kwa nguvu. Elipendo akasema atapiga Jumapili baada ya ibada, ili jina lililoazimwa lirudi na mtoto apewe lake. Jumapili hiyo Bi Nakijwa akawaita wale watatu, Naetwe, Mama Sifaeli na Itikija. Akawaandalia chai. Na chai ile, mnisikie vizuri, aliimimina kwenye vikombe vya kabatini, vikombe ambavyo midomo ya watu haijawahi kuvigusa bila harusi. Kabati lilikuwa halina kioo. Ruta ilikuwa juu yake, peupe, bila kitambaa, taa yake inakonyeza. Kitambaa chenyewe kilikwisha kufuliwa damu, kikafumuliwa, na nyuzi zake zikawa kofia ndogo nyeupe yenye ua la bluu.

"Nimewaita kuwashukuru," Bi Nakijwa alisema, "na shukrani yangu ni moja tu. Mtoto ana nafasi ya jina moja. Ningependa libaki kwa mmoja wenu, kwa sababu asingelivuka bila ninyi. Kila mtu aseme lake, asione haya. Leo ndani humu hakuna mkwe wala mgeni."

Wakatazamana. Naetwe ndiye aliyeanza, na walishangaa, maana hakuwa mtu wa kuanza.

"Mama, nitasema kwa kuwa umeniambia niseme. Kosa ninalo. Nilijua kuhusu masinia, nikakuacha mwaka mzima uongee na pua ya mwanao, kwa kuogopa kukuudhi. Lakini siku ile niliacha kuogopa. Nilivunja kitu ambacho katika nyumba hii hakiguswi, na sikujua kama ningelala humu usiku ule. Bila mchi ule usingekiona kidevu, na ungekata tamaa kabla hata Mama Sifaeli hajafika, maana ni kioo kilichomleta." Akageuza kikombe. "Na mimi sina wa kubeba jina langu. Nikiondoka, linaondoka. Ningefurahi mahali fulani duniani mtoto aitwe Naetwe, aitike."

Mama Sifaeli akavuta kanga yake. "Mimi sitaki langu," akasema. "Naomba la dada yangu, Nanzia. Kosa na mimi ninalo, msinione malaika. Televisheni yangu siku ile ilikuwa imeunganishwa kwako, Mama Elipendo."

Akafuta machozi, akaendelea.

"Ndiyo, mama. Wajukuu wanatazama vikatuni tangu asubuhi. Labda mtandao uliokosa niliunywa mimi. Lakini nilichotoa hakirudi. Kioo kinawekwa kingine. Dada yangu hazikwi mara ya pili. Nilifunga ile picha akiwa bado juu ya mabega ya watu, na mpaka leo nikifumba macho yuko pale pale, hajashushwa. Mtoto akiitwa Nanzia, nitajua ameshuka salama."

 Bi Nakijwa akamgeukia fundi.

"Mimi sikuvunja na sikutoa," Itikija akasema. "Nilisema tu. Na kosa langu mnalijua, ndilo la kwanza: niliiweka ruta pale huku najua, kwa kuwa niliona aibu kubishana na Bibi na furaha yake. Ila mnijibu. Bila neno langu, Naetwe angevunja kabati kwa sababu gani? Bila neno langu, Mama Sifaeli angejua vipi kuwa simu yake inatakiwa? Na neno lile halikuwa la bure. Ukuta mzima ulinisikia nikisema data inashinda huduma ninayouza, na waliokuwa wamekubali kuwekewa wakaghairi, sasa ofisini wananitazama kwa jicho la pembeni. Nakwenda nyumba hadi nyumba kuwaeleza kuwa waifai si mbovu, ni mahali tu tunapoiweka na wingi wetu." Akacheka kidogo. "Milima yote hii wananiita Mtu wa Mtandao. Nimewaunganisha na watoto wao, waume zao, mama zao, na hawajui ninaitwa nani. Itikija ni jina zuri. Alinipa baba yangu."

Bi Nakijwa aliwatazama mmoja mmoja. Moyo wake ulikuwa umejaa mpaka unamuuma. Alitamani angekuwa na wajukuu watatu wasio na majina. Alimwona aliyevunja, akaukumbuka mkono wenye damu. Alimwona aliyetoa, akaukumbuka wimbo uliokatika. Alimwona aliyejua, akaikumbuka sauti ile ya utulivu kutoka juu ya nguzo. Na katika kila mmoja akaliona pia kosa, na hakumlaumu hata mmoja, kwa sababu ufunguo ulikuwa na nani?

Simu ikaita. Ni waifai ile ile, nyumba ile ile, Kanada ile ile ya mbali. Saa ile kijiji kilikuwa kimezima simu na televisheni, na duara halikuzunguka. Elipendo akatokea anacheka, na kifuani pake mtoto, amenenepa mashavu, macho yote mawili wazi.

"Mama," Elipendo akasema, "jina lako tumelileta. Limefanya kazi. Pokea."

"Nimelipokea," Bi Nakijwa akasema. "Ahsante, mama, umelitunza."

"Sasa hana jina, Mama. Mwanangu anaitwa nani?"

Naetwe alitazama kikombe chake. Mama Sifaeli aliweka pindo la kanga mdomoni. Itikija aliinua macho kwenye taa ya ruta kana kwamba ina kasoro ya kukagua. Mtoto naye, huko aliko, akatulia akasikiliza. Bi Nakijwa akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Mdomo wake nauacha wazi hivyo hivyo, ufungwe na ninyi. Msiniambie asubiri, mtoto amekwisha kukaa muda wa kutosha bila jina. Msiniambie la penalti. Niambieni mliokaa hapa, mnaopendana na watu walio mbali: aliyejua, aliyevunja, na aliyetoa. Je, nani alistahili kuitwa kila asubuhi kwa jina la mtoto yule?